Watu Wawili wa Kumshika Bawabu

Nilimpigia Fundi simu huku napiga pasi pazia la mteja, na mkono haukutetemeka. Nilidhani utatetemeka. Tangu siku mama yake alipotoka kwangu na gauni lililochanika, tulikuwa tumebaki na salamu za juu juu, na hata hizo zilikoma zenyewe bila mtu kusema kwaheri. Nilimwambia mbwa wetu Bawabu anahasiwa, na daktari anataka watu wawili wa kumshika. Alinyamaza kidogo, kama ilivyo kawaida yake, kisha akasema atakuja. Nikakata simu, nikageuza pazia upande wa pili.

Dada yangu alikuwa ameketi mbele yangu anatafuna karanga. Alinitazama mpaka nikamaliza upindo wote.

"Mtu aliyekuacha kwenye mataa ndiye unamwita akushikie mbwa?"

"Anamshika mbwa. Hanishiki mimi."

"Na moyo wako unasemaje?"

Nilijaribu kuusikiliza. "Hausemi kitu," nilimwambia, na wala haukuwa ujeuri.

Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Watu walinijia na nyuso za pole wakitegemea nitalia, wakanikuta napima kitambaa. Nilikula nikashiba bila kujua nimekula nini. Nilishona mapazia ya vyumba vya maharusi, nikaenda kuyatundika mwenyewe juu ya vitanda vyao vipya, na sikuwaonea wivu wala sikuwatakia heri. Dada aliniambia ni afadhali ningevunja hata sahani moja. Nilimjibu kwamba sahani ni zangu na hazina kosa.

Bawabu ni mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Fundi ni fundi umeme. Alimkuta angali mdogo kwenye jengo alilokuwa anatandaza nyaya, amejikunja ndani ya boksi la swichi, akamleta kwangu ndani ya mkoba wa vifaa. Tulimlea pamoja, mimi mchana na yeye jioni. Alichofanyiwa kabla ya hapo hatukijui, ila Bawabu alikwisha kukata shauri kwamba duniani kuna watu wawili, na waliobaki wote ni wezi. Mgeni akibisha hodi, yeye hujificha nyuma ya miguu yangu akitetemeka. Mgeni akigeuka kuondoka, humrukia kwa nyuma.

Alipopevuka aliongeza na ukware. Aliruka ukuta kufuata majike, akapigana huko, akarudi masikio yamechanika. Mwisho alimkimbiza msoma mita mpaka yule bwana akapanda juu ya tangi la maji. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akasimama nje ya lango kwa usalama wake, akanipa uamuzi: mbwa ahasiwe au ahame, na nikiona uchungu nihame naye.

Kwa hiyo nikamtafuta daktari wa wanyama. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na kabla ya yote alikataa kumwona Bawabu zahanati. Alikuja kwangu mara kadhaa, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, ubavu kwa ubavu na mbwa, bila kumtazama hata kwa jicho la pembeni. Alikuwa anadondosha vipande vya maini chini huku ananiuliza habari za mapazia. Alinifundisha kupaka maini ndani ya kikapu cha ngozi cha kufungia mdomo, ili Bawabu aingize pua mwenyewe kwa hiari yake. Aliniambia waziwazi kwamba kuhasiwa kutapunguza kurandaranda na ugomvi. Hofu ya watu hakutaiondoa, hiyo inataka muda. Akanipa na sharti lake.

"Sindano ya usingizi nitampiga nje ya zahanati, chini ya kivuli. Wewe utashika kichwa, mwingine atashika nyuma, na huyo wa nyuma awe mtu anayemwamini. Na mkishamlaza, msiondoke. Mbwa wa namna hii akifumbua macho asiwakute waliomlaza, atauma."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kushika nyuma.

Asubuhi ile Fundi alifika zahanati kabla yetu. Bawabu alimsikia harufu tangu barabarani, akanivuta mpaka kamba ikanichubua kiganja. Alipomfikia alilia, akamzunguka miguuni, akajikojolea, akarudi kwangu, akaenda tena kwake, kana kwamba anatutambulisha. Fundi alipiga magoti kwenye changarawe akamkumbatia shingo. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimpwaya, na mimi nikawaza kwamba lile shati linahitaji kupunguzwa mabegani. Nilingoja wazo jingine lije nyuma ya hilo, halikuja.

"Habari za siku," alisema.

"Nzuri. Wewe shika mapaja, mimi kichwani."

Tulimshika. Bawabu aliingiza pua kwenye kikapu, nikafunga mkanda nyuma ya masikio, nikamwekea paji langu kwenye paji lake. Daktari alikuja kwa nyuma, taratibu, bila kutazama. Sindano ilipoingia Bawabu alishtuka mwili mzima, na Fundi akamnong'oneza maneno yale yale ya zamani, kwamba yeye ni mzee wa nyumba na mzee haogopi. Zamani sauti ile ingeniyeyusha. Nilikuwa naisikia kama redio ya jirani. Miguu ya mbwa ililegea, ulimi ukatoka pembeni, na kichwa chake kikawa kizito mikononi mwangu.

Wasaidizi wa daktari wakambeba ndani. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba wa Fundi wa vifaa ukiwa katikati yetu. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe iliyoonyesha viungo vya ndani, na sote wawili tuliisoma kwa makini kama tunakwenda kufanyia mtihani. Aliuliza kazi zinakwendaje. Nikasema zinakwenda. Aliuliza kama cherehani bado inakata uzi. Nikasema nilishaitengeneza. Akasugua viganja vyake kwenye suruali, na hapo nilijua linalokuja.

"Ile siku mama alipokuja," alisema, "mimi ndiye niliyemfungua Bawabu."

Ni lazima niieleze siku hiyo. Mama yake alikuja na dada zake wawili kuzungumza habari za ndoa yetu. Mimi nilimfunga Bawabu uani kwa fundo la kukaza, maana namjua. Mbwa akalia. Fundi moyo wake mwepesi, akatoka kwenda kumbembeleza, akamfungua, akadhani atamshika mwenyewe kwa ukosi. Mmoja wa mama zake wadogo alimwita ndani, akaitika. Bawabu akaingia sebuleni wakati mama yake amesimama kupokea chai, akamrukia kwa nyuma, akalichana gauni kutoka pindoni mpaka magotini mbele ya dada zake. Mama aliuliza nani amemfungua huyu mbwa. Nilimtazama Fundi. Fundi alitazama zulia. Nikasema, ili kumsitiri, labda mimi sikukaza fundo, nikijua kwamba dakika hiyo hiyo atasema hapana, ni mimi. Hakusema. Mama yake akasema mwanamke asiyeweza kufunga mbwa hawezi kufunga ndoa, akachukua mkoba wake, na maongezi ya ndoa yakaishia pale na chai yake.

"Najua," nilimwambia pale kwenye benchi. "Nilikuwa jikoni. Nilikuona dirishani."

Aligeuka kunitazama. Ana macho mazuri, sitaacha kusema hivyo eti kwa kuwa tumeachana. "Ulijua siku zote? Mbona hukusema?"

"Si langu la kusema."

"Nitamwambia mama."

"Sawa."

"Wallahi nitamwambia. Nikimwambia, tutarudi kama zamani?"

Lilikuwa swali la haki, nami nilitaka kulijibu kwa haki. Nikaingiza mkono kifuani kwangu, kwa namna ya kusema, nikapapasa. "Sijui, Fundi. Mwambie kwanza, tuone kama kuna kitu kitaamka." Aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kama mwanafunzi aliyeelewa somo.

Bawabu alizinduka kwenye blanketi chumba cha nyuma, sisi tumekaa sakafuni kila mtu upande wake. Daktari alishamvisha kola pana ya plastiki ili asilambe kidonda. Alitetemeka, akatapika povu kidogo, akafumbua jicho moja. Aliniona mimi. Akazungusha kichwa kwa taabu, kola ikagonga sakafu, akamwona Fundi. Akafumba tena na kushusha pumzi ndefu. Nilikuwa nimemwekea mkono ubavuni kumpa joto, na Fundi naye amemwekea wake, na vidole vyetu vikakutana kwenye manyoya. Havikuondoka. Nilivitazama vile vidole vyangu vikiwa karibu na vyake na nikavionea huruma, kama watu wengine kabisa waliowahi kupendana.

Daktari alitupa masharti ya nyumbani. Asiruke, asikimbie, atoke kwa kamba tu, kola isivuliwe hata akilia machozi, kidonda kikaguliwe kila siku kama kimevimba au kinatoa maji. Kutembea alitembea. Kukaguliwa ndiko alikokataa. Nikiinama peke yangu ananigeuzia kola usoni, tukabaki tunazunguka uani kama wacheza ngoma wawili. Basi ikawa kila jioni Fundi anapita akitoka kazini, anashika kichwa, mimi natazama kidonda, tunamaliza. Kisha anakaa. Ananywa chai. Ananieleza, bila mimi kumwuliza, kwa nini leo hajamwambia mama yake.

Mara mama ameamka na kichwa. Mara kuna wageni nyumbani, si vizuri mbele ya watu. Mara alikwisha kufungua mdomo kabisa, mama akamtuma chumvi. Nilikuwa namsikiliza huku nachomeka pini kwenye upindo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nangoja huo mshindo tangu enzi za gauni. Alikuwa mpole, mwema, anayeosha kikombe chake kabla ya kuondoka. Langoni aliwahi kusimama akanitazama muda mrefu, akasema amenikumbuka mpaka anakosea kuunganisha nyaya. Nilimwambia awe mwangalifu, umeme hauna mzaha. Nilimaanisha hivyo hivyo.

Mchana mmoja lango likagongwa. Bawabu akaja nyuma ya miguu yangu, kola inanigonga visigino. Nilichungulia nikamwona mama yake Fundi, peke yake, mkoba kifuani.

Nilimwamkia. Aliitikia, akauliza kama anaweza kuingia. Nilimwambia mbwa hajafungwa. Akasema anajua, na kwamba leo amevaa gauni la kazi.

Nilimwelekeza alivyonielekeza daktari: aketi kwenye ndoo, asimtazame, asimnyooshee mkono. Alitii neno kwa neno. Nikampa sahani ya maini. Alidondosha kipande, akatazama ukuta, akadondosha kingine.

"Suruali za mwanangu zimejaa manyoya," aliuambia ukuta. "Nikajua yuko huku. Hajasema, lakini manyoya yamesema."

"Anakuja kushika mbwa tu, mama. Mbwa anauguza kidonda."

"Sikuja kwa ugomvi, binti yangu. Siku ile niliuliza nani amemfungua mbwa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimekwenda msalani kunawa mikono. Dirisha la msalani kwenu linatazama uani. Nilimwona kwa macho yangu akifungua lile fundo."

Pini ilikuwa mdomoni mwangu. Niliitoa. "Kama ulimwona, mbona ulinitolea maneno mimi?"

"Ili akasirike. Nilitaka aniambie, mama, mwache, kosa ni langu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikuombe uzi na sindano tushone gauni, tuendelee na chai. Akanyamaza. Na wewe ukajibu badala yake." Alidondosha kipande cha ini, na safari hii sauti yake ilishuka. "Baba yake alikuwa hivyo. Nimejibu badala ya mume wangu maisha yangu yote ya ndoa. Kwa ndugu zake, kwa walimu wa watoto, kwa majirani. Alipofariki watu walikuja kuniambia alikuwa mtu mpole sana. Walikuwa hawajui ule upole niliutengeneza mimi kwa mdomo wangu, mpaka nikaitwa mkali. Nilipokuona unamsitiri, nilijiona mwenyewe nimesimama na birika. Nikaona bora unichukie."

Bawabu alikuwa ametoka nyuma ya miguu yangu. Alinyoosha shingo, akachukua ini karibu na kiatu cha mama yule, akarudi mbio kujificha.

"Anayo nafasi bado," alisema akiinuka polepole, kinyumenyume, kama nilivyomwelekeza ili asirukiwe. "Ni mwanangu, nampenda. Aseme tu. Usimwambie nilikuja."

Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Anakuja mchana na maini yake mwenyewe ndani ya kopo, anaketi kwenye ndoo, tunazungumza habari za vitambaa. Jioni anakuja mwanawe. Siku moja Fundi alikaa akashika tama, akaniambia leo alipiga moyo konde kabisa, akatoroka kazini mchana kwenda kumwambia mama, lakini hakumkuta nyumbani. "Sijui siku hizi anakwenda wapi," alisema. Ndoo ilikuwa bado na joto la mama yake. Niliinama kwenye pazia langu ili asione uso wangu, kwa maana kidogo nicheke, na kicheko ndicho kitu cha kwanza kilichonijia baada ya muda mrefu.

Nilianza kumngojea kwa kweli baada ya hapo. Nikisikia hatua zake langoni ninajiambia huenda ni leo. Nilikuwa nimempenda mtu huyu mpaka nikajitwisha aibu yake, na kama kuna neno moja lingenirudisha kwake, nililijua, lilikuwa fupi, na mtoto wa chekechea angeweza kulisema. Nilitaka aliseme kwa hiari yake. Sikutaka kumkamua.

Jioni ya kabla ya Bawabu kutolewa nyuzi za kidonda, mama yake hakuondoka. Jua lilianza kushuka na yeye bado ameketi kwenye ndoo. Bawabu alikuwa amesimama pembeni yake, kola imemwegemea gotini, anakula ini kiganjani mwake. Nilimwambia muda wa Fundi kuja umefika. Akasema anajua saa.

Fundi aliingia akiwa ananiita. Alipoona nani amekaa uani, mkoba wa vifaa ulimteleza begani. Alimtazama mama yake, akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Mama," alisema.

"Mwanangu."

Mama aliendelea kutazama ukuta, kwa wema kabisa, kama anavyofanya ili kiumbe mwenye hofu asogee mwenyewe. Mimi niliweka mkasi chini. Nilisikia Bawabu akilamba kiganja. Fundi alimeza mate. Alifuta jasho juu ya mdomo, akageuka kwangu, na akauliza:

"Nyuzi zinatolewa kesho saa ngapi?"

Nilitazama uso wake mzuri. "Asubuhi," nilisema. "Daktari anakuja hapa hapa. Lakini wewe usije."

"Nisije? Na nani atamshika?"

"Mimi kichwani," nilisema.

"Na nyuma?"

"Nyuma nitashika mimi," alisema mama yake, bila kuacha kutazama ukuta.

Fundi alisimama katikati ya uwanja ule mdogo alioutandazia nyaya mwenyewe. Alifungua mdomo. Nikangoja, kwa mazoea. Kisha nikatambua kwamba nangoja, na kwamba hakuna anayenilazimisha, nikaenda kumfungulia lango. Si mbali, lakini nikiwa njiani kifua kilianza kuniuma, kwanza mahali padogo, kisha kote, kama mguu uliolaliwa unapopata damu tena. Nilishika komeo, nikalivuta, nikampisha apite, na nilikuwa nalia kwa sauti.